Shimo la nane

Jana baada ya alasiri nilishuka bustanini na jembe lenye mpini unaocheza, nikaanza kulikomba shimo la nane. Kazi hii huifanya kila mwaka kabla ya masika. Safari hii nimeiwahi, maana Ramadhani ya mwaka huu wa 2024 inaingia katikati ya Machi na mvua nazo zimo njiani, na kuchimba na saumu mimi siwezi, nasema kweli. Nilitoa ndoo 23 za mbolea nyeusi, laini, yenye nyungunyungu wanene kama penseli, na chini bado ilibaki.

Anayepita njiani huona mti wa kwanza mpaka wa saba, kisha shimo, kisha wa tisa mpaka wa kumi na moja, akauliza kama wa nane ulikufa. Haukufa. Haukupandwa kamwe. Nimeulizwa mara nyingi mno, na kila mara nimejibu kwa mkato kwa kuwa ndoo iko kichwani. Leo ndoo iko chini, acha nijibu.

Sisi tuko Pemba, upande wa Wete, kama saa moja kwa miguu kutoka gatini. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu. Idd ilikuwa imepita siku kumi tu. Watu walikuwa wanarudi: wanafunzi, wachuuzi, waliokwenda kusalimia jamaa. Meli ya kuchukua abiria 600 ilikuwa imepakia kupita hapo, tena kwa mbali. Waliookolewa walizidi 600, miili iliyopatikana siku za mwanzo ilikaribia 200, na waliobaki baharini hesabu yao kila mtu ana yake mpaka leo.

Asubuhi ile mimi nilikuwa gatini Wete na baskeli. Nilikwenda kumpokea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, na kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada, basi. Nilikuwa nimemtumia pesa aninunulie godoro la nne kwa sita, kwa kuwa Unguja bei ilikuwa afadhali. Ijumaa mchana alipiga simu: "Nimekupatia la maua mekundu, usije ukasema silipendi." Simu ilikuwa kwenye spika, mama mkubwa yuko pembeni anachambua mchele, akacheka. Siku nyengine nitaandika juu ya asubuhi ile ya gatini. Leo nasimulia bustani.

Mtaa wetu ulipoteza watu 11. Watatu walipatikana. Wanaume walivuka kwenda Unguja kuwatambua katika viwanja vya Maisara. Wawili wakarejeshwa, wa tatu alitambuliwa kwa picha na nguo wakati keshazikwa kule kijiji cha Kama, Unguja. Wanane hawakuonekana. Wanaume wakawasalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, tukasoma khitma, arubaini ikapita, na wake wawili walikuwa bado hawajui eda yao, ule muda wa mjane kukaa, ianze lini mpaka suala likapelekwa kwa kadhi.

Kuna jambo hapa ambalo asiye wa kwetu huenda asilijue. Wanawake wa huku hatufuati jeneza. Tunabaki nyumbani, wanaume wanakwenda kuzika, wanarudi na vumbi la miguuni, nasi tunaliangalia lile vumbi. Ndiyo ada yetu na sina ugomvi nayo. Lakini kwa hawa wanane hata vumbi halikuja. Siku ya arubaini, wakati tunaosha masufuria ya pilau, bibi mmoja wa jirani, muuza vitumbua, alisema maneno ambayo nayakumbuka kama alivyoyasema: "Maiti hutiwa udongo watu wakapoa. Hawa wetu udongo wao tutautia wapi?" Hakuna aliyejibu. Tuliendelea kusugua masufuria. Wazo la bustani, kama kuna anayetaka kujua lilianzia wapi, lilianzia katika majivu na makumbi ya kusugulia sufuria.

Haikuwa rahisi kulipitisha. Kijana mmoja aliyekwisha kupanga hesabu alitaka tujenge mnara mdogo wa saruji wenye majina 11. Wazee wengine walisema mnara wa majina ni kufanya kaburi la uongo, na kaburi la uongo litakuja kuabudiwa. Wengine waliona hata kukutana kila Septemba ni uzushi. Tulivutana tangu Oktoba mpaka Januari, na kwa kweli msiba uliingiwa na ubishi hadi nikatamani yaishe tu. Aliyetutoa ni maalim wa madrasa. Alituambia kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, amefundisha kuwa mtu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, kwake huwa ni sadaka. Basi pandeni miti ya kuliwa, nieni thawabu zake ziwafikie, na msiandike kitu. Miti haina jina wala tarehe. Nani atagombana na muembe?

Waligombana, lakini hayo baadaye.

Kiwanja tulipewa na babu mmoja, pembe ya eka tatu alizopata baba yake baada ya Mapinduzi. Ni ardhi ya mteremko, juu ina mikarafuu mikongwe, chini ni bonde la mpunga, na kisima kiko hatua 200 kama unashuka na 400 kama unapanda na dumu. Aliitoa mbele ya sheha na mashahidi wanne, kwa sharti moja: mkarafuu usipandwe. "Karafuu ni pesa," alisema, "na pesa itawauliza nani achume, nani aanike, makonyo ya nani. Pandeni kitu ambacho mtoto akikiiba hamtamfukuza." Sijapata kusikia sharti la busara zaidi, na mimi nimekaa katika vikao vingi.

Mashimo 11 yalichimbwa Machi 2012, kila moja mikono miwili upana na mikono miwili kina, katika safu moja inayofuata mteremko. Kila jamaa walichagua mti wao. Walitaka muembe, mfenesi, mzambarau, mstafeli, mchungwa, mpera, mshokishoki. Ami yangu mmoja alitaka mdoriani. Watu wakaguna, maana doriani likiiva mtaa mzima unalijua, wapende wasipende. Ami akasema mwanawe alikuwa akila doriani mpaka anafukuzwa kulala barazani, na yeye hapandi kingine. Mdoriani ukapandwa shimo la tatu, upande ambao upepo wa kusi unapeleka harufu kwa wachache.

Shimo la nane lilikuwa la dada yangu. Mama mkubwa alikuja siku ile, akakaa juu ya mzizi wa mkarafuu, akawaangalia wote wakipanda. Ilipofika zamu yake nikamletea mche wa muembe. Akaushika, akautazama chini ya majani kama anayenunua, akanirejeshea.

"Bado," alisema.

"Tuufukie shimo, mama?"

"Sikusema mfukie. Nimesema bado."

Mche ule tuliupeleka skuli. Shimo likabaki wazi.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa aibu. Miche kumi, na kufika kiangazi cha 2013 sita ilikuwa imekufa. Tuliinunua kwa mchuuzi aliyepita na gari ya ng'ombe, miche mirefu mizuri yenye majani ya kung'aa, tukafurahia urefu wake. Tulipokuja kuing'oa iliyokufa tukaona mizizi imejiviringa ndani kama kamba ndani ya ndoo. Ilikaa katika viriba muda mrefu mno, na ardhini haikutoka ilipokuwa. Mitatu mchwa waliila chini kwa chini. Mmoja uliliwa na mbuzi. Katika daftari langu, maana mimi ndiye nashika daftari, nimeandika: "Aprili 14: madumu 40, watu 9, mbuzi 1 (wa sheha)."

Ila mti kufa hapa si sawa na mti kufa shambani. Mama wa kijana mwenye mti wa pili aliposikia umekauka alilala siku mbili hakula. Mti wa jirani yake ulikuwa hai, na nyumba mbili zile zikaacha kusalimiana vizuri, kama kwamba mmoja kampokonya mwenziwe. Hilo hatukulifikiria hata siku moja katika ile miezi ya kubishana. Tulijadili minara na uzushi, hatukujadili mchwa.

Na kabla ya hapo, tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeteka maji. Nadhani baadhi ya ile miche ilikufa wakati ule, ila hakuna aliyetaka kuhesabu.

Tuliporudi tulirudi na sheria mbili. Ya kwanza, miti ni ya wote. Hakuna tena "mti wa fulani". (Kila mtu anajua upi ni wa nani. Lakini mdomoni hautajwi, na hilo limesaidia kuliko nilivyotarajia.) Ya pili, hatununui mche tena. Tutaotesha wenyewe.

Hapa ndipo niliposomea kilimo bila kupata cheti. Bibi shamba mmoja alikuja mara tatu, hakuomba hata nauli, akatufundisha kitalu. Viriba hatukuwa na pesa navyo, tukatumia vifuu vya nazi vilivyotobolewa jicho, na kwa miche mikubwa tukasuka vikapu vya makuti ambavyo unapanda navyo, vinaoza vyenyewe ardhini. Kivuli cha makuti juu, kinapunguzwa kidogo kidogo mche unapozoea jua. Kokwa la embe halingojei, la fenesi halingojei, la shokishoki ndio kabisa: ukila leo, panda leo. Watoto wa madrasa walipenda sehemu hii, kwa sababu ilibidi wale kwanza.

Shimoni tuliweka makumbi. Kitu hiki wazee walikuwa wanakijua, sisi tumekisahau. Unapanga makumbi ya nazi chini, tumbo likitazama juu, udongo na samadi juu yake, mche juu ya yote. Makumbi yanakunywa maji ya masika na kuyaachia polepole kiangazi. Zamu za maji zikapungua nusu. Kwa mchwa tulijaribu majivu, tukajaribu maji ya muarobaini. Yalisaidia siku mbili tatu. Kilichosaidia zaidi ni kuacha kurundika majani makavu shinani, tukayaweka mbali kidogo, pamoja na magome ya mnazi ya zamani, mchwa wakaona huko kuna karamu na miche wakaiacha kwa muda wa kutosha kukomaa.

Mbuzi ilikuwa vita ya pekee. Waya wa kuzungushia ulikuwa ghali. Bibi shamba akapendekeza uzio wa mibono: unakata kijiti, unakichomeka, kinamea, na mbuzi halili jani lake. Vizuri, ila mbono huo jina lake kamili ni mbono kaburi. Aliyekuwa anapinga mnara tangu mwanzo akasimama: "Si niliwaambia? Mmeanza na miti, mmefika kaburini!" Tulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pale. Mibono ikachomekwa. Watoto tukawaonya juu ya mbegu zake, maana ukizila utaharisha mpaka ujute, na mmoja alijaribu ili ahakikishe. Sasa anasoma chuo, sayansi.

Mibono ikaota, miche ya kitalu ikapandwa masika ya 2013 na ya 2014, na miaka mitatu iliyofuata sina mengi ya kusema. Maji, palizi, maji. Daftari la miaka ile linachosha hata mimi niliyeliandika.

Ila mwaka 2015 alianza kuja kijana wa shehia ya pili. Alikuwa mmoja wa waliookolewa. Waliookoka wengi walisema walishika magodoro. Yalikuwemo mengi melini. Yeye alishika godoro na mzee asiyemjua, akamshikilia mpaka kukapambazuka na boti za wavuvi zikafika. Hakutaka kusimulia na hatukumuuliza. Kila mwezi wa tisa huja na kikapu cha makumbi, anayapanga, anasaidia kupogoa, anaondoka kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa na swali langu moja kwake na miaka minne sikulitoa. Nilikuwa nalilea tu, kama mtu anavyolea jino bovu.

Masika ya 2017 mvua ilikuwa kubwa. Mteremko ulikatika chini ya miti ya nne na ya tano, udongo ukaenda zake bondeni kwenye mpunga wa watu, na wenye mpunga hawakufurahi. Tukachimba matuta ya kukinga maji na juu yake tukapanda mchaichai, safu tatu. Mchaichai mizizi yake inashika udongo kama vidole vya mtoto mchanga. Sasa huo ndio chai yetu, na aliye na homa hujikatia bila kuomba. Udongo haujaondoka tena, ingawa mti wa nne umebaki umeinama kidogo kuelekea baharini. Hatukuunyoosha.

Shimo la nane kila masika lilikuwa likijaa udongo wa mvua, na kila mwisho wa mvua nilikuwa nalichimba upya. Nilikuwa namuuliza mama mkubwa kila mwaka, "Mwaka huu, mama?" Naye, "Bado." Sikuwahi kumsukuma. Ndugu zangu wengine walimsukuma, wakamwambia amkubali Mungu. Alikuwa anasali kuliko wao wote. Alikuwa hana tatizo na Mungu. Alikuwa na tatizo na muembe. Kuupanda ilikuwa kusema neno ambalo gatini hakulisema, nyumbani hakulisema, na kwa kadhi hakwenda kulisema. Mtoto mmoja aliwahi kutumbukia shimoni akateguka kifundo cha mguu, watu wakataka lifukiwe kwa usalama. Mama mkubwa akaleta mlango mbovu wa banda la kuku, akaufunika juu yake, akaondoka.

Alhamisi moja ya Septemba 2018, tarehe 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, hatua chache kabla ya kufika Ukara. Watu 228 walikufa. Sisi Ukara hatujafika na hatutafika. Lakini Ijumaa ile, baada ya sala, bila ya mtu kutangaza, nilikuta watu wamejaa bustanini. Mwenye redio ameitundika katika tawi la mzambarau. Wanawake wamekaa kwenye matuta ya mchaichai. Maalim akasoma dua fupi, kisha tukabaki kusikiliza idadi ikipanda kila saa. Siku ile ndipo nilipojua kwamba pale pahala pamekuwa pahala.

Niliahidi ugomvi wa miti, nisije nikasahau. Mshokishoki wa shimo la sita ulichanua 2018, ukachanua 2019, tunda hakuna. Mtaalamu akasema ni dume. Mshokishoki wa kokwa unaweza kutoka dume na hutazaa milele. Shambani dume hukatwa, akapandikizwa jike. Hapa nani atashika panga? Baba mwenye mti, yaani ambaye hatumtaji kuwa ni mwenye mti, alisema mwanawe alikufa na miaka 19, hakuoa, hakuzaa, basi mti umemfanana na uachwe. Mama yake akasema la, ukatwe, uingizwe kikonyo cha jike, mwanawe alikuwa na haki ya kuzaa. Mume na mke, kitanda kimoja, rai mbili. Walitumia miezi minane. Mwishowe hawakukubaliana, na mti kwa kuwa haukukatwa umebaki. Ukichanua nyuki wanajaa hadi unausikia kutoka njiani, na mfugaji mmoja ameweka mzinga chini ya mibono. Yule mama hununua asali ile. Hanunui kwa mwengine.

Septemba 2019 yule kijana wa godoro alikuja kama kawaida. Tulikuwa watatu tu, mimi, yeye na mama mkubwa, tumekaa chini ya mzambarau tunakunja nyuso kwa ule ukali wa zambarau mdomoni. Mama mkubwa akamgeukia, sauti yake ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei.

"Mwanangu, lile godoro uliloshika. Lilikuwa na maua mekundu?"

Nilihisi tumbo langu linashuka. Miaka minane nilidhani lile swali ni langu peke yangu.

Kijana alifikiri. Angeweza kusema ndiyo. Naamini alijua kwamba angeweza. Akasema, "Ilikuwa usiku, mama. Sikuona rangi."

"Haya," alisema mama mkubwa. Akatema kokwa la zambarau. "Umekula lakini? Twende nyumbani kuna muhogo wa nazi."

Wakaondoka, mimi nikabaki kukusanya majembe, maana mtu lazima akusanye majembe.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, nikamkuta mama mkubwa amekwisha fika bustanini kabla yangu. Mlango wa kuku ameuvuta pembeni. Anatupa shimoni majani ya muembe aliyoyafagia, maganda ya ndizi, maganda ya muhogo kutoka jikoni kwake. Akaniambia niende nikalete samadi. "Unachimba kila mwaka, mvua inafukia kila mwaka," alisema. "Unalichosha bure. Lipe kazi."

Tangu hapo shimo la nane ni shimo la mbolea. Kila kinachoanguka katika bustani kinaingia humo: majani, matunda yaliyoliwa na popo, mchaichai uliokatwa, mibono iliyopogolewa kidogo kidogo. Linafunikwa na mlango wa kuku, wa pili sasa, ule wa kwanza uliliwa na mchwa. Mwaka mzima linachemka polepole, na kabla ya mvua tunalikomba na kugawa, kila mti ndoo mbili. Miti ya 2021 kwenda mbele ukiilinganisha na ya nyuma yake, hata picha zinaonesha. Mfenesi ulizaa mafenesi mpaka kwenye shina la chini, watoto wanapanda juu yake kama ngazi. Mdoriani wa ami ulichanua 2022. Ami hakuuona, alikufa kabla, nyumbani, kitandani, na tulimzika kwa wakati wake. Doriani la kwanza liliangushwa na upepo usiku, na asubuhi mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyelalamika. Mtu mmoja alisema "Ami huyo kaja," tukacheka tena.

Mwaka 2021, kwa kuwa ilikuwa miaka kumi, taasisi moja ilitutembelea, wakapiga picha nyingi, wakaahidi mabomba ya maji na viti vya kukalia. Vilivyokuja ni kibao kimoja cha bati, upana wake unamzidi mtu kulala, chenye nembo nne na maneno "Bustani ya Kumbukumbu", na chini majina 11, matatu yameandikwa visivyo. Tulikuwa tumewaambia mara mbili kwamba hatuandiki majina. Kikasimama wiki sita, kwa adabu. Sasa ni paa la kitalu, majina yakitazama chini, na lazima nikiri ni bati zuri, halivuji.

Basi jana. Nimefika ndoo ya 23, mgongo umekataa, mama mkubwa akashuka na mkongojo wake. Miguu imemzidi siku hizi, lakini kwa shimo la nane hapitwi. Akakaa juu ya kigoda, akataka kujua nimegawa vipi. Nikamwambia. Akasema mti wa tano niuongeze ndoo moja, majani yake yamepauka. Wa kwanza niupunguzie, umeshiba. Nikafuata, mtu habishani naye katika hili. Kisha nikashuka tena shimoni kumalizia iliyobaki chini, ile nzito yenye nyungunyungu wengi.

"Usilikombe lote," alisema. "Bakisha ya kuanzia."

Nikapanda juu, nikavuta mlango.